Chapa za Kiazi Juu ya Merikani

Harufu ilinikamata dukani Southall, London, nilikokwenda kutafuta kitambaa cha kushonea mgongo wa mapazia. Mwenye duka, mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Nairobi na anayependa kumwonesha kila mteja wa kwetu kwamba Kiswahili hakijamtoka, alivuta jora kutoka rafu ya chini akalibwaga mezani. "Hii merikani safi, dada. Ukiiosha mara moja tu inalainika," akasema. Wanga wa kile kitambaa cheupe, kipya, ukanipanda puani, harufu kavu ya unga uliokaa kabatini, nikabaki nimeweka kiganja juu ya nguo nisijue nilichofuata pale. Aliniuliza mita ngapi, akauliza tena, kisha kwa adabu zake akajifanya ana shughuli upande wa pili wa duka.

Bibi hatunaye tena. Angekuwepo, ningempigia simu palepale nimwambie nimeshika nini, naye angeniuliza kama nimenunua na hina.

Ninyi mliokulia nyumba kama yetu mtanielewa. Nyumba ambamo wakubwa wanasema Kiswahili na watoto wanajibu kwa Kiingereza, na hakuna anayeona ajabu. Bibi, mama yake mama, alitoka mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akaja kukaa nasi Wembley mama alipoanza uuguzi, kazi yenye shifti zisizojali kwamba kuna mtoto nyumbani. Tulikaa juu ya duka la masanduku ya safari. Siku za mpira barabara ilijaa watu wenye skafu, na bibi alisimama dirishani akiwatazama kwa huruma, maana aliamini watu wote wale wamekosa usafiri.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulieleza kwa mtu. Kitambaa cheupe kitupu hakikai ndani ya nyumba yake. Mama akinunua shuka, haitandikwi mpaka bibi aipige chapa. Alichukua kiazi kitamu, akakikata katikati, akachonga uso wake kwa kisu kidogo: korosho, au jicho, au nukta za pembezoni. Nusu ya pili iliingia sufuriani na nazi, kwa hiyo siku ya chapa ilikuwa pia siku ya kula vizuri. Rangi zake zilikuwa mbili. Hina aliyoinunua kwa Wagujarati wa Kingsbury, akaikoroga na ndimu, na piko, ile rangi nyeusi ambayo mama zetu hujichorea mikononi siku za harusi. Alitandaza shuka sakafuni juu ya magazeti, akapiga magoti, akawa anachovya na kugandamiza, anachovya na kugandamiza, huku akinung'unika kwamba viazi vya Wazungu vina maji mengi. Shuka zetu, foronya zetu, vitambaa vya kupangusia vyombo, hata pazia la bafuni, vyote vilikuwa na korosho.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Karibu na nyumba yetu palikuwa na duka la mashine za kufulia ambako mtaa mzima ulipeleka nguo, na mama alikuwa akilalamika kila mara kwamba kuna watu wanaondoka na nguo zisizo zao. Basi nikajua: bibi anatia alama dhidi ya wezi. Nilimwona mjanja sana. Niliwahi kumweleza rafiki yangu wa skuli kwamba shuka za kwetu haziibiki, na akaenda kumwomba mama yake naye atafute kiazi.

Mwaka ule mwalimu wetu alikuwa Bi Dunne, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta ileile kila siku na asiyepandisha sauti. Alitufundisha historia ya utumwa wa Marekani, na aliifundisha kwa namna ambayo sijaisikia tena kwa mwalimu mwingine. Hakuanza na minyororo. Alianza na ardhi. Alisema kulikuwa na ardhi kubwa mno, na tumbaku na miwa na pamba zilizotaka mikono mingi, na wenye ardhi hawakutaka kuilipa mikono hiyo. Dharau kwa watu weusi, alisema, ilikuzwa na kutengenezewa maneno mazuri ili biashara ile ionekane halali. Kisha akatueleza juu ya mashine iliyobuniwa kutenganisha pamba na mbegu zake. Sisi tukafurahi, tukadhani watu wale sasa watapumzika. Akatikisa kichwa. Pamba ilisafishwa upesi, faida ikapanda, mashamba yakapanuliwa, na watu wengi zaidi wakauzwa kwenda mbali, mama huku, mtoto kule.

Ili tuelewe, akatutungia mchezo wa kuonesha mbele ya wazazi. Jukwaani kulikuwa na meza ndefu, na juu yake keki kubwa. Nyuma ya meza walikaa mwenye shamba, mwenye benki aliyemkopesha, mwenye meli, mwenye bima wa hapahapa London, mwenye kiwanda cha kufuma, na mwenye duka. Jora la kitambaa lilipita mkononi mwa kila mmoja, na kila lilipopita, aliyelishika alijikatia kipande cha keki na kueleza alivyokipata. Wachuma pamba walikaa sakafuni. Keki haikuwafikia. Mwishoni kabisa, sahani za wa mezani zikishabaki makombo, mchuma mmoja alisimama na kusema maneno machache: "Sisi ndio tuliochuma."

Mchuma huyo nilikuwa mimi. Mpaka siku ile sikuwahi kupewa neno hata moja katika mchezo wowote. Niliwahi kuwa kondoo, nikawahi kuwa sehemu ya ukuta. Nilikuwa mtoto mnyamavu, wa kusahauliwa kwenye orodha, na sasa ukumbi mzima ungenyamaza kunisikiliza. Nilisema maneno yale bafuni, nikayasema kwenye basi, nikamsemea hata mwenye duka la masanduku. Keki iliniuma kidogo, sikatai. Lakini maneno yalikuwa yangu.

Wachuma tulitakiwa kuvaa gauni la kitambaa kibichi, jeupe, lisilo na kitu. Mama alinunua merikani akanishonea jioni moja baada ya kazi, bado amevaa sare. Bibi alitoka kuswali akaikuta juu ya kochi. Akaiinua kwa ncha za vidole.

"Nguo ya nani hii?"

"Yangu," nikajibu, kwa Kiingereza kama kawaida.

"Ya mchezo wa skuli, mama," mama akadakia. "Wanaigiza watumwa wa Marekani."

Bibi akairudisha kochini taratibu, akaitandaza vizuri, akaifuta kama kwamba ina vumbi. "Na wewe ukakaa ukamshonea mwanao."

"Mchezo tu, mama."

"Mchezo. Haya."

Ile haya tuliijua. Bibi akisema haya kwa sauti ile, mazungumzo yamekwisha na jambo limeanza.

Kesho yake niliporudi kutoka skuli nilipokewa na harufu ya piko tangu ngazini. Gauni langu lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa bafuni, linadondoka. Shingoni nukta za hina. Kifuani korosho nyeusi. Pindoni msururu wa macho, jicho baada ya jicho, yananitazama. Nililia. Nililia kilio cha mtu aliyenyang'anywa, mpaka mwenye duka akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mwalimu alisema jeupe. Mwalimu angenipa gauni la mtu mwingine na maneno angempa mtu mwingine, na mimi ningerudi kuwa ukuta. Yote haya nilimwambia bibi kwa Kiingereza cha kwikwi ambacho sidhani alikipata hata nusu.

Akaniacha nilie. Nilipopungukiwa na pumzi akanikalisha ukingoni mwa hodhi la kuogea, naye akakaa juu ya kifuniko cha choo, mikono yake myeusi kwa piko magotini.

"Ushamaliza?"

Nikatikisa kichwa kwamba bado.

"Basi utamalizia baadaye. Sikiliza. Bibi yangu mie, aliyenilea, alinunuliwa. Sikwambii hadithi ya watu, nakwambia ya kwetu. Alitolewa bara mtoto mdogo kuliko wewe, akaletwa Unguja, akachumishwa karafuu za watu."

Kilio kikakatika chenyewe. Nikauliza walilipa nini.

"Nguo. Merikani, kama hiyo unayoililia. Zilikuja na meli kutoka Marekani hiyo anayokusomesha mwalimu wako, zikapandishwa bara, zikarudi pembe za ndovu na watu."

Sasa mnikumbuke nilikuwa na miaka tisa, na kwamba kichwani mwangu palikuwa na jora moja tu duniani, lile la jukwaani. Nililiona likitoka mezani kwa Bi Dunne likivuka bahari. Nikaunganisha mambo kwa akili zangu. Nikamuuliza, na safari hii nadhani nilijaribu Kiswahili, kwa sababu nilitaka aelewe: "Kwa hiyo sisi tuliochuma ndio tuliomnunua bibi yako?"

Bibi akanisogelea.

"Hebu nipe huo mchezo wenu tena, toka mwanzo."

Nikampa. Shamba, benki, meli, bima, kiwanda, duka. Keki. Sisi sakafuni.

"Haya," akasema, na haya hii ilikuwa nyingine. "Waliokula keki ndio walionunua. Walimnunua huyu kwa jasho la yule. Nyie wa chini hamjanunua mtu, na wala msikubali kuambiwa."

Kisha akanieleza kiazi. Bibi yake alipoachwa huru hakupewa ardhi wala nyumba. Alitoka na kipande cha merikani kilichofungwa kwapani, kitupu, vazi ambalo kila aliyemwona njiani alijua ni la mtumwa. Utumwani ushungi hakuruhusiwa, viatu hakuruhusiwa, rangi hakuwa nayo. Akaingia Ng'ambo, akaomba kiazi na hina kwa mwenyeji mmoja, na kabla hajatafuta pa kulala akakichonga. "Tangu siku hiyo hakuvaa nyeupe tupu. Mama yangu hakuvaa, mie sikuvaa. Mama yako alipozaliwa, nguo ya kwanza kumgusa ilikuwa na korosho. Hutaanza wewe."

Nikamwambia nilidhani ni kwa ajili ya wezi wa kule kwenye mashine za kufulia. Alicheka mpaka akashika sinki. "Umepatia," akasema huku akijifuta machozi kwa kiwiko. "Ni kwa ajili ya wezi."

Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kupanga vizazi, nikaona huenda kitambaa kilichomnunua bibi yule kilifumwa wakati wachumaji wa Marekani wameshaitwa huru. Iliniumiza, kana kwamba bibi alikosea, mpaka nilipozidi kusoma. Wengi wao waliendelea kuinama katika mashamba yaleyale ya mabwana walewale, wakigawana mavuno na kuambiwa kila msimu kwamba bado wanadaiwa. Na Unguja vilevile, wengi walibaki chini ya mikarafuu ya wenyewe kwa sababu mtu hali uhuru mkavu. Bibi hakuvisoma vitabu hivyo, nami sikuona haja ya kumsomea.

Asubuhi ya mchezo mama alikuwa kazini. Bibi alivaa koti, juu ya koti akajitanda kanga, akanishika mkono. Gauni la korosho lilikuwa chini ya koti langu. Kule ukumbini Bi Dunne alinivua koti mwenyewe, akaliona gauni.

"Ni zuri sana," akasema. "Lakini watu tunaowaigiza walipewa nguo tupu, za aina moja. Nina gauni la akiba kwenye sanduku. Tafadhali mweleze bibi yako."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu mwingine wa kueleza. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili niliowapenda, na mimi peke yangu ndiye niliyeziweza lugha zote mbili, moja yake kwa kuchechemea. Nikamweleza bibi. Bibi akaniambia nimuulize mwalimu: watu wake wale, wanatoka lini?

"Wanatoka wapi?" akauliza Bi Dunne.

"Utumwani. Anauliza katika mchezo wako wanatoka lini."

Bi Dunne akatazama meza, akatazama keki, akatazama zile karatasi mkononi mwake. "Hawatoki," akasema. "Nimeumalizia kwenye keki." Uso ulimwiva. Kisha akachuchumaa, akashika pindo la gauni langu akalisoma kwa vidole, akaniuliza nani alichora na kwa nini. Nikamweleza nilivyoweza, kiazi, Ng'ambo, bibi wa bibi. Aliposikia yote akasema kitu ambacho nilikitafsiri polepole, neno kwa neno, kwa kuogopa kukiharibu: kwamba kule Marekani nako wanawake wa mashambani walikuwa wakichemsha magome ya miti na mizizi, wakati wao mdogo wa kupumzika, ili watie rangi nguo zile tupu walizopewa.

Bibi akakaa kwenye kiti cha mtoto kilichokuwa karibu, kiti kidogo kupita kiasi, magoti yakamfika kifuani.

"Na wao?"

"Na wao, bibi."

"Hawajuani na bibi yangu."

"Hawajuani."

Akajiinua kitini. Halafu akasema nimwambie mwalimu ahsante, na kwamba gauni la akiba nilivae, lakini juu. Nikishasema maneno yangu, nilivue. Bi Dunne akakubali kabla sijamaliza kutafsiri.

Nilimtafuta bibi kutoka sakafuni pale jukwaani. Alikuwa safu ya nyuma, kanga ameishusha usoni mpaka kidevuni. Mchezo mzima aliketi hivyo, jora likipita na keki ikiliwa, na wazazi wa wenzangu wakimtupia macho. Nikasimama. Ukumbi ukanyamaza kama nilivyoota. Nikasema, "Sisi ndio tuliochuma," na sauti yangu ikatoka ndogo lakini ikafika. Kisha nikavuta lile gauni jeupe kichwani. Likanasa sikioni, nikalivuta tena, likaanguka. Nilipopata kuona, bibi alikuwa amefunua uso, amesimama wima peke yake katika watu walioketi, ananiangalia.

Baada ya mchezo keki iliyobaki iligawiwa kwa wote. Bibi hakula. Alipokea kipande, akakifunga kwenye karatasi ya kujifutia mikono, akakitia mfukoni mwa koti. Tulipofika kituo cha basi akakitoa, kimebonyea, krimu imeganda kwenye karatasi.

"Kula. Hiki chako. Na usimbakishie mtu."

Nikakila chote, naye akanishikia mkoba.

Alikaa nasi London mpaka alipozeeka kabisa. Wiki moja kabla ya kulazwa alimpigia chapa binti yangu foronya, korosho zimekwenda upande. Binti yangu alimuuliza kwa Kiingereza zile alama ni za nini, naye akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni za wezi, wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa lake.

Alipofariki tulimwosha mimi na mama, na mwanamke mmoja wa msikitini aliyejua taratibu na kutuongoza kwa upole. Kucha ya kidole gumba ilikuwa bado nyeusi kwa piko. Nilisugua, nikasugua, mpaka yule mwanamke akanishika mkono akasema rangi hiyo haina ubaya, niiache. Kisha akafungua pakiti ya sanda, na ile harufu ya wanga ikajaa chumba. Akaitandaza. Nyeupe, tupu, tangu ncha hii hadi ile.

Nilishindwa kumnyanyua. Yeye ambaye hakulala hata usiku mmoja juu ya shuka isiyo na chapa, yeye aliyefunika uso asinione katika nyeupe, ndio tumviringishe hivi? Nilijua sheria na nilijua kila Mwislamu huzikwa hivyo, lakini mikono ilikataa. Nikamwambia mama, "Mama, nyeupe tupu. Bibi hataki."

Mama alikuwa upande wa kichwa, analia bila sauti. Akanyoosha mkono akaigusa sanda.

"Nilimuuliza," akasema. "Mwaka jana nilimuuliza. Alinambia hii haimtishi. Alinambia hii wanavalishwa mpaka waliokula keki."

Nikamshika miguu. Tukamnyanyua.